Mzigo wa Frasila Mbili

Swali la kwanza aliloniuliza Mwalimu halikuhusu maisha yangu hata chembe. Tulikuwa njiani kwenda Kwihara, asubuhi, yeye mbele na fimbo yake, mimi nyuma na usingizi wangu. Akasimama chini ya mwembe mmoja mkubwa, akaugonga kwa fimbo kama mtu anayebisha hodi.

"Frasila mbili ni kilo ngapi?"

Sikujua. Mimi nimezaliwa zama za kilo na gramu.

"Thelathini na mbili hivi," akasema. "Babu zako walibeba hizo begani toka hapa mpaka Bagamoyo. Miezi mitatu hivi, kwa miguu. Wewe asubuhi hii umebeba nini?"

"Chupa ya maji, Mwalimu."

"Haya. Twende."

Ndugu msomaji, usidhani nakutania. Kazi ya yule mzee ndiyo hiyo: kuuliza maswali ya namna ile na kuanza kutembea kabla hujajibu. Hapa Tabora wapo wanaomwita Mwalimu wa Madaftari, kwa kuwa kila anayemwendea na shida zake huambiwa akanunue kaunta buku moja kwa hela yake mwenyewe, akaandike. Wanakwenda kwake wauguzi, askari wastaafu, wanawake wanaouza asali, vijana waliofeli, na waliofaulu lakini hawajui wafanye nini na kufaulu kwao. Wengine humlipa, wengine humletea matobolwa au chupa ya asali, wengine hawaleti kitu. Alifundisha Kiswahili katika shule za sekondari miaka zaidi ya thelathini mpaka alipostaafu. Jina lake nalihifadhi. Hapendi kutangazwa, na tena aibu nitakayoisimulia hapa ni yangu mimi, yeye haimhusu.

Mimi nilimfahamu kwa njia ya kawaida kabisa. Nilipanga chumba kwake, Isevya, mwanzoni mwa mwaka 2022. Nilikuwa fundi simu, kibanda changu kikiwa karibu na stendi. Jioni nikirudi namkuta amekaa barazani na mtu, na huyo mtu analia, au anacheka, au wote wawili wamenyamaza kimya kama wanasikiliza mpira redioni, na redio haipo. Nikajiuliza, huyu mzee ni mganga au ni mshauri? Siku moja nikauliza. Akanijibu kwamba mganga angenipa dawa na mshauri angenipa ushauri, na yeye havina vyote viwili.

Sasa lazima nirudi nyuma kidogo, maana kabla ya huyu nilimjua mwingine.

Mwaka 2019 alikuja mjini kwetu kijana mmoja mtanashati, suti ya bluu, kipaza sauti cha kuvaa shavuni. Alijiita kocha wa maisha. Ukumbi ulijaa, viti vya plastiki mpaka nje. Alituambia tufumbe macho tujitazame ndani. Tukafumba. Alituambia ndani yetu amelala milionea, tumwamshe. Akatutaka tupige kelele: Najipenda! Najiamini! Mimi ni mshindi! We acha tu, ukumbi ulitetemeka. Mama mmoja mbele yangu alitokwa na machozi. Sitamcheka, kwa sababu na mimi koo lilinibana. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, kidato cha sita nimepata alama za kuonea haya, na hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniambia kwa sauti kubwa namna ile kwamba nina thamani.

Baada ya kelele zikaja karatasi. Kumbe kulikuwa na kampuni, jina lake sina haja nalo. Unatoa shilingi milioni moja na laki mbili, unapewa makopo ya vidonge vya lishe, unaingia ngazi ya dhahabu, unawaleta wenzako, nao wanaleta wenzao. Kocha alisema mtu anayejiamini haogopi kuwekeza. Akaongeza kwamba mtu anayeogopa aende nyumbani akajichunguze kwa nini anapenda umaskini.

Naandika maneno haya na bado nayasikia yalivyokuwa matamu.

Hela nilikuwa nayo, ila haikuwa yangu. Baba ni mkulima wa tumbaku, Urambo. Mwaka ule malipo ya chama cha msingi yalitoka mwezi wa nane, na baba akanikabidhi shilingi milioni moja na laki tatu na nusu, taslimu, nipande nazo treni mpaka Tabora nikamlipie dada yangu ada ya chuo cha uuguzi. Baba haziamini hela za kwenye simu. Anasema hazina harufu. Nilipanda na sanduku la bati la dada, limejaa vyombo na shuka, na bahasha nimeifunga tumboni. Tulifika Tabora usiku. Mchukuzi mmoja, mtu wa makamo mwenye fulana ya njano, alilibeba lile sanduku kichwani mpaka nje ya geti. Alikuwa mcheshi. Aliniuliza kama mimi ni Msukuma au Mnyamwezi, ili ajue anichaji bei gani. Nilimpa elfu moja, akasema asante, akarudi ndani.

Kesho yake nikaenda ukumbini.

Jioni baba akapiga simu kuulizia risiti. Nilikuwa nimekaa kitandani nayatazama makopo ya vidonge. Mdomo wangu ulisema peke yake. Ulisema nimeibiwa stesheni jana usiku, sikupenda kumshtua, nilikuwa bado natafuta. Baba akanyamaza. Halafu akasema anakuja.

Alikuja kweli. Tukaenda stesheni. Akaniambia, nionyeshe nani na nani walikukaribia. Wachukuzi walikuwa wamekaa kwenye ukuta wanasubiri treni. Fulana ya njano ilikuwepo. Nilinyoosha kidole.

Yule mtu alilala kituoni siku mbili. Hakukutwa na kitu, akaachiwa. Dada yangu alikaa nyumbani mwaka mzima, akaingia chuo mwaka uliofuata baba alipouza ng'ombe wawili. Vidonge viliharibika chini ya kitanda. Kocha alihamia mji mwingine, na mimi sikuwahi kumwamsha milionea wangu. Nikajifunza ufundi simu. Hakuna aliyejua. Miaka mitatu.

Hivyo ndivyo nilivyoingia nyumba ya Mwalimu.

Nilipomwambia kwamba na mimi nataka daftari, sikuwa na nia ya kuungama chochote. Nilikuwa nataka, kusema kweli, kuwa mtu wa maana. Nilikuwa nimezoea lugha ile ya ukumbini ya kujiendeleza, kujitambua, kujiongeza. Mwalimu alinisikiliza, kisha akanifundisha sarufi. Ndiyo, sarufi! Akachora kwa fimbo mchangani herufi mbili tu: *ji*.

"Hiki kidude," akasema, "ndicho kitu kigumu kuliko vyote katika Kiswahili. Wanafunzi wangu waliona rahisi. Kukata, kujikata. Kuuliza, kujiuliza. Kidude kinafanya yule anayetenda na yule anayetendwa wawe mtu mmoja. Sasa wewe unaniambia kujiamini, kujipenda, kujitangaza. Mbona huniambii kujihoji? Herufi ni zile zile."

Akaniingiza ndani akanionyesha kijitabu cha zamani, karatasi zimekuwa rangi ya chai. *Tujisahihishe*, Nyerere alikitoa mwaka 1962 kwa ajili ya wana-TANU. Mwalimu anakipenda kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya mji wetu: Nyerere alisoma hapa Tabora kuanzia 1937, na baada ya Makerere akarudi kufundisha Shule ya Mtakatifu Maria, kwa hiyo wazee wa hapa humhesabu kama mtoto wa nyumbani aliyekwenda Butiama kuzaliwa tu. Ya pili ni kile alichokisema humo. Mojawapo ya makosa anayoyataja ni la mtu kuipima hoja kwa kumtazama nani kaisema, badala ya kuitazama yenyewe. Mwalimu aliniambia kwamba walikisoma wakiwa vijana, wakakishangilia, halafu kila mmoja akaanza kumsahihisha jirani yake. "Tulisoma *tu*," akasema, "tukairuka *ji*."

Usifikiri alikuwa amevumbua jambo jipya, na mwenyewe hasemi hivyo. Rafiki yake mkubwa ni sheikh mmoja wa Gongoni, wanacheza bao pamoja, na sheikh humwambia kwamba hiyo biashara yake ni muhasaba tu, mtu kujihesabu nafsi yake kabla hajahesabiwa. Mwalimu naye alikuwa mtumishi wa altare alipokuwa mdogo, kwa hiyo hujibu kwamba mapadri walimfundisha uchunguzi wa dhamiri kila usiku kabla ya kulala. Hapo wanaanza ubishi nani alianza, na kete zinasahaulika.

Basi nikanunua kaunta buku. Maswali yalikuwa matatu, ya kila usiku: Leo nimefanya nini? Nimemdanganya nani? Mzigo wangu kaubeba nani? Mwalimu hasomi. Hilo alilisema mapema, daftari si la mtihani. Anachofanya, kila Jumamosi unampelekea analipima mkononi, hivi, kama mtu anayenunua samaki, anakurudishia.

"Bado jepesi," akaniambia wiki ya kwanza.

Wiki ya pili: "Bado jepesi." Nami nilikuwa nimejaza kurasa ishirini!

Niliudhika. Nilikuwa nimeandika vizuri, bwana. Nilieleza nilivyoamka saa kumi na moja, nilivyotengeneza simu sita kwa siku, nilivyomvumilia mteja mkorofi. Chini ya swali la pili nilikuwa naandika "hakuna", na chini ya la tatu "hakuna". Baadaye nilikuja kukisoma kitabu cha maisha ya Tippu Tip, alichokiandika mwenyewe kwa Kiswahili katika uzee wake, yeye ambaye baba yake alikaa hapa jirani, Ituru, akamwoa binti wa Mtemi Fundikira. Ni kitabu cha ajabu, na kinasomeka. Humo anahesabu pembe frasila kwa frasila, vita kwa vita, deni kwa deni. Watu wanakufa, yeye anahesabu. Nikalikumbuka daftari langu la wiki zile mbili. Nilikuwa Tippu Tip wa simu mbovu.

Toka Isevya usiku unasikia honi ya treni. Mji wetu umelelewa na treni. Reli ya kati ilifika hapa mwaka 1912, na tangu siku ile misafara ya miguu ikawa hadithi. Usiku mmoja wa mwezi wa tisa nilikuwa nimekwisha kuandika "hakuna" ya kwanza, nainua kalamu kuandika ya pili, honi ikalia. Mkono ukasimama. Sijui nilikaa muda gani. Chini ya swali la tatu nikaandika neno moja: Mchukuzi. Nikafunga daftari, nikaliweka chini ya godoro kana kwamba mtu angelisoma kupitia ukuta.

Jumamosi Mwalimu akalipima mkononi. Hakusema jepesi wala zito. Akasema, "Kesho alfajiri tunakwenda Kwihara, vaa viatu vya kutembelea."

Ndiyo safari niliyoanza nayo.

Kutoka mjini mpaka Kwihara ni kama kilometa sita, kusini-magharibi. Ukiwa na Mwalimu ni nyingi zaidi kwa sababu anasimama. Ile miembe, aliniambia, ni watoto na wajukuu wa miembe iliyoletwa na watu wa misafara. Tabora, Kazeh kama walivyoiita wengine wakati ule, ndipo njia zilipogawanyika: moja magharibi kwenda Ujiji na ziwani, nyingine kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Burton na Speke walitoka pwani mwezi Juni 1857, wakafika hapa Novemba. Lakini Mwalimu hapendi sana kuzungumza habari za Burton na Speke. Anapenda habari za waliobeba masanduku yao. Vijana wa Kinyamwezi walikuwa wanasubiri mavuno yaishe, kiangazi kiingie, ndipo waondoke kwa maelfu kuteremka pwani. Kijana asiyeiona bahari hakuwa mwanamume kamili machoni pa wasichana. Watoto walizoezwa mapema, wakitembea na vipembe vidogo vya ndovu begani. Mpaka leo sisi na Wazaramo ni watani, na chanzo chake ni huko huko, babu zetu wakiingia kwao wachovu, wana njaa, na lugha yao mbovu.

"Ila usiwafanye wote kuwa wimbo," akasema. "Katika njia hii hii walipita watu wamefungwa shingoni, na hao hawakulipwa wala hawakurudi."

Kwihara kuna tembe, nyumba ya udongo ya mraba iliyojengwa upya, mlango wa nakshi wa kipwani, ua katikati. Ni makumbusho sasa. Hapo ndipo Stanley na Livingstone walipofika pamoja mwezi Februari 1872, wakitoka Ujiji. Stanley akaondoka Machi kwenda pwani, na Livingstone akabaki kungoja wapagazi ambao Stanley aliahidi kuwatuma. Akangoja Aprili. Akangoja Mei, Juni, Julai. Wakafika Agosti. Miezi mitano na zaidi, mzee wa miaka hamsini na tisa, mgonjwa, anaandika shajara yake siku baada ya siku. Mwaka mmoja kabla, kule Nyangwe, karatasi zilipomwishia aliandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa mbegu za porini.

Tukakaa uani. Kulikuwa na kuku mmoja tu na sisi. Nikaona nimefika mahali pa kusema.

"Mwalimu, kuna mtu mmoja..."

Akainua mkono. "Usiniambie."

Nilidhani hakusikia. "Ni jambo linanisumbua, Mwalimu. Mwaka 2019..."

"Nimesema usiniambie, mwanangu. Ni mimi uliyenikosea?"

"Hapana."

"Ukiniambia mimi utapata nafuu ya bure. Utalia hapa, nitakupiga bega, utarudi mjini mwepesi, na yule mwingine atabaki palepale. Nimeona watu wengi wakifanya hivyo. Padri ana mamlaka yake. Mimi nina fimbo tu."

Halafu, kama vile hatukuwa tunazungumza habari yangu, akanisimulia kuhusu wale waliofika Agosti na wale waliokuwepo kabla yao. Livingstone aliondoka Kwihara tarehe 25 Agosti 1872, akafa Mei Mosi mwaka uliofuata, kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Susi na Chuma na wenzao wakaukausha mwili kwa jua, wakaufunga, wakaubeba pamoja na shajara zake. Oktoba 1873 walipita hapa hapa Unyanyembe, wakamkuta Mwingereza mwingine, Cameron, akawashauri wauzike papa hapa, safari ni ndefu na ni ya hatari. Wakakataa. Wakafika Bagamoyo Februari 1874. Katika wote wale, mmoja tu, Jacob Wainwright, ndiye aliyesafiri na jeneza mpaka Uingereza na kusimama Westminster Abbey likizikwa. Wengine walibaki pwani.

"Vitabu vyote alivyoandika yule mzee," Mwalimu akasema, "vilifika kwa sababu kuna mtu alivibeba kichwani. Na katika hao waliobeba, majina mangapi unayajua?"

Niliyajua matatu, na hayo matatu kanitajia yeye muda ule ule.

Kurudi mjini hatukuzungumza. Jumatatu nikafunga kibanda, nikapanda treni ya Urambo.

Nilimkuta baba kwenye vitalu vya tumbaku anamwagilia miche. Nilimwambia nikiwa nimesimama, nikiogopa kwamba nikikaa nitaishia katikati. Nilianza na ukumbi, nikaja kwenye makopo, nikamalizia na kidole. Hakunikatiza. Kopo la kumwagilia liliisha maji naye akaendelea kulielekeza kwenye miche, mpaka akaona hakuna kitu kinachotoka. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa fimbo, pamoja na ukubwa wangu.

"Yule bwana," akasema, "anaitwa nani?"

"Sijui, baba."

"Tulimweka ndani siku mbili."

"Ndiyo, baba."

"Na hujui jina lake."

Akaenda kisimani kujaza kopo. Mama ndiye aliyelia. Dada nilimpigia simu usiku. Yeye sasa ni muuguzi, yuko wilaya nyingine. Alisema "sawa", akakata. Tangu siku ile akinijibu salamu hujibu kama mtu anayelipia kila neno.

Swali la baba likawa ndilo kazi. Nikaenda stesheni, nikawauliza wachukuzi kwenye ule ukuta: namtafuta mwenzenu mmoja, alikuwa na fulana ya njano, mwaka 2019. Wakatazamana.

"Huyo si Sanduku?" mmoja akasema. "Yule aliyeiba sanduku?"

"Hakuiba, alisingiziwa."

"Haya, aliyesingiziwa. Ila wateja walikuwa wanamkimbia, akaona aondoke. Mtafute sokoni, anavuta mkokoteni."

Ndugu msomaji, nimewahi kutungiwa jina la utani, na wewe pia labda. Mimi huyu nilimtungia mtu jina bila kumjua, akalivaa miaka mitatu.

Nilimkuta sokoni, upande wa mchele, amekalia mkokoteni wake anakula mahindi ya kuchoma. Nywele zilikuwa zimeanza mvi. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Mzigo uko wapi?"

"Sina mzigo, kaka. Mimi ni yule..."

"Nakujua," akasema. "Una kibanda cha simu stendi. Ukipita hapa unainamisha kichwa. Mwanzo nilidhani hunioni."

Nikamweleza. Sikujua kama niseme mbio au polepole. Nilikuwa na bahasha, laki moja na nusu, ndiyo yote niliyoweza kukusanya, nikampa kwa mikono miwili. Katika hadithi nilizosoma mtu wa namna hii hukataa fedha. Huyu alizihesabu noti kwa noti, akasema hazifiki hata robo ya alichopoteza, akazitia mfukoni.

"Hizo ni za siku mbili na za ile miezi niliyokaa bila kazi," akasema. "Sasa bado jina. Hukunisingizia hapa sokoni. Ulinisingizia pale ukutani, mbele ya wenzangu. Hapa mimi na wewe tukisameheana, pale nitaendelea kuwa Sanduku."

Nikamwambia nitakwenda. Nikamwuliza jina lake, akaniambia. Siliandiki hapa kwa sababu sikumwomba ruhusa ya kuliandika, na nafikiri nimekwisha kulitumia vya kutosha bila ruhusa.

Jioni ile nilimweleza Mwalimu kwamba kesho nina kazi stesheni. Hakuuliza kazi gani. Alisema kodi ya mwezi uliopita bado.

Tulikwenda wawili, yeye na mimi, jua likizama. Alikuwa amevaa shati la pasi. Wachukuzi walikuwepo kama kumi na wawili, na mama muuza chai, na abiria waliokaa juu ya mizigo yao. Nikasimama mbele ya ule ukuta. Kwenye ukumbi wa mwaka 2019 nilipiga kelele mbele ya watu mia mbili kwamba mimi ni mshindi, na sauti ilitoka bila taabu. Hapa ilinibidi nianze mara mbili.

"Jamani, shikamooni. Mimi ndiye niliyesema kwamba bwana huyu..."

Nikataja jina lake kamili. Mmoja akauliza, "Nani huyo?" Mwenzake akamwonyesha kwa kidevu. "Sanduku." Nikasema siyo Sanduku, na sanduku halikuibiwa, wala hela haikuibiwa na yeye, ni mimi. Nilikuwa nimefika kwenye makopo ya vidonge treni ilipopiga honi. Wote wakainuka. Kazi ni kazi. Wakakimbilia mabehewa, hata yule aliyekuwa ananisikiliza kwa karibu kabisa, na nikabaki nimesimama na hadithi nusu. Mama wa chai akaniambia, "Subiri, watarudi."

Yeye mwenyewe alisimama kidogo, anaitazama treni. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa anahangaika na begi mlangoni mwa behewa. Akaenda kulipokea.

Nilisubiri karibu saa nzima. Waliporudi walikuwa wamepungua wawili na wameongezeka watatu, kwa hiyo ikabidi nianze upya toka mwanzo.